Usiniambie Farasi, Nionyeshe Rekodi

Najua nimekuwa kimya. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, wengine wakadhani nimehama nchi. Sijaenda popote. Nilikuwa chini ya gari. Nimetoka huko na hasira, kwa hiyo leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala seva. Leo naandika kuhusu injini, ingawa mtaona mbele kwamba ni mambo yale yale tu.

Hoja yangu naiweka hapa juu ili asiye na muda aisome aende zake. Mtu anayekuuzia nguvu za injini bila kukupa rekodi ya namba anakuuzia upepo. Na injini ikivunjika, si yeye atakayebeba lawama. Itabebwa na fundi mwenye mikono ya grisi, yule asiye na mtu wa kumtetea. Nalijua hili kwa sababu mimi mwenyewe nilimbebesha.

Haya, tuanze mwanzo.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 1997, ile ya mgongo mrefu. Nililikuta Umoja nyuma ya nyumba fulani, limekaa juu ya mawe, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Injini yake ni EJ20: silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, ujazo wa 1994 cc, na tabo juu yake. Kwa asiyejua, tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli huzidi, na nguvu huzidi. Presha hiyo ya ziada ndiyo vijana wanaiita busti.

Mtu aliyekulia Eastlands miaka ya 1990 hahitaji kuelezwa kwa nini mtu mzima mwenye akili atanunua gari lenye kuku. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa Impreza. Na kabla ya hao tulikuwa na wetu, Patrick Njiru, ndani ya Subaru, akipita kwenye matope na vumbi la nchi yetu. Buruburu tulichora magari hayo kwenye madaftari ya hesabu. Wengine tukapata viboko kwa ajili yake.

Utaniuliza kwa nini nisingenunua jingine zima. Liko wapi? Kanuni ya KS 1515:2000 hairuhusu gari la mitumba lililozidi miaka 8 kuingia Kenya. Impreza ya 1997 ilifungiwa mlango karibu mwaka 2005. Zilizoko ndizo zilizobaki. Injini unaweza kupata, eks-Japani, ikiwa imetolewa kwenye gari lililokatwakatwa huko, lakini mwili wa gari ni huo huo ulionao. Kila injini inayouawa kwa ujinga inapunguza akiba ambayo haiongezeki. Shika hilo, nitalirudia.

Sasa vikwazo. Nitavieleza kwa sababu ndani yake mna somo ambalo mimi, mtaalamu wa kompyuta, sikuliona.

Gari lilikuwa linakata nguvu. Ukikanyaga, linavuta kidogo halafu linakohoa kama mzee wa sigara. Nikafanya kile ninachowakemea vijana ninaowafundisha kuandika programu: nikaanza kubahatisha. Nilikwenda Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan, nikanunua sensa ya hewa. Haikusaidia. Nikarudi nikanunua koili. Haikusaidia. Nikanunua plagi nne mpya, na hizo angalau zilikuwa zinahitajika. Jumla, mshahara wa wiki mbili ulikwenda na kikohozi kikabaki palepale.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja pale Umoja. Sitamtaja jina, nitamwita Mzee tu, maana hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Kibanda chake ni mabati matatu na nguzo nne. Mzee hakugusa spea hata moja. Alinituma nikamwite jirani yake, mtu wa pancha, aje na kompresa. Akaziba mdomo wa paipu ya hewa, akasukuma hewa ndani taratibu, akapaka maji ya sabuni kila mahali. Chini ya interkula, pale pasipoonekana, povu likatoka.

"Kijana," akaniambia, "gari lako halina ugonjwa wa Grogan. Lina tundu."

Paipu ya mpira ilikuwa imepasuka. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa na sensa ilikuwa inatorokea nje, na kompyuta ya injini ikawa inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo.

Kwa sababu hiyo hiyo aling'oa ile vali ya kelele niliyokuwa nimeifunga kwa mapenzi makubwa, ile inayolia pshhh unapoachia mafuta. Najua vijana wa Donholm na Buruburu mtanichukia, lakini sikilizeni. Kwenye gari hili hewa inahesabiwa kabla ya kufika kwenye tabo. Ukiitupa nje baada ya kuhesabiwa, kompyuta haijui. Kwa muda mfupi unachoma petroli ya bure, na unapobadilisha gia gari linajikwaa. Vali ya kiwandani hairushi hewa hiyo nje. Huirudisha kwenye paipu ya kuingilia tabo, kwa hiyo hesabu inabaki sawa. Haina kelele ya kutisha majirani, ila gari linakwenda.

Kisha pampu ya mafuta. Mzee alipima stima kwenye betri gari likiwa limewashwa, akapata volti 13.8. Akapima kwenye pampu yenyewe, akapata 10.9. Volti karibu tatu zilikuwa zinapotea njiani kwenye waya uliochoka. Pampu yenye njaa ya stima inasukuma petroli kidogo, na injini ya tabo ikikosa petroli wakati wa busti, unaichimbia kaburi. Akavuta waya mpya mnene, akaweka rilei. Shilingi mia chache.

Mwisho alipima mgandamizo wa silinda zote nne, moja baada ya nyingine. Zilikaribiana vizuri. Nilimwona akiandika kitu kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Sikuuliza anaandika nini. Niliona ni mambo ya wazee.

Gari likatoka pale likivuta kama jipya. Nilibaki na deni lake la shilingi 18,000, nikamwambia nitalipa mwisho wa mwezi.

Laiti ningeishia hapo! Lakini binadamu hatosheki. Rafiki akaniambia kuna gereji upande mwingine wa jiji, sakafu ya vigae, tarakilishi mbili mezani, kahawa unaletewa ukisubiri. Wanafunga bodi ndogo ndani ya kompyuta ya injini, ramani inabadilika, unatoka na farasi 300. Siku moja tu. Nikaenda. Nikalipa shilingi 45,000.

Nieleze kidogo ramani ni nini, kwa wasomaji ambao si wa magari. Ndani ya kompyuta ya injini kuna majedwali. Safu moja ni mizunguko ya injini kwa dakika, nyingine ni kiasi cha hewa kinachoingia. Pale zinapokutana pana namba: mimina petroli kiasi hiki, washa cheche nyuzi kadhaa kabla pistoni haijafika juu. Ndiyo yote. Hakuna uchawi. Yeyote aliyewahi kutumia lahajedwali anaweza kuelewa. Kubadilisha ramani ni kubadilisha namba hizo. Ukipunguza petroli iliyozidi na kuwahisha cheche, nguvu hupanda, mpaka ufike mahali ambapo mchanganyiko unalipuka wenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Mafundi wanasema injini inanoki. Ikinoki sana chini ya busti, pistoni inapigwa nyundo kwa juu mamia ya mara kwa sekunde chache.

Niliomba faili la ramani waliyoweka. Wakacheka. "Hiyo ni siri ya kampuni." Nikaomba basi rekodi ya namba walizosoma wakati wa kujaribu. Hawakuwa nayo. Walilizungusha gari kwenye bypass na mimi nikiwa nimekaa kando. Kijana aliyekuwa akiendesha akanigeukia: "Mkubwa, umesikia linavyovuta?"

Nilisikia. Na mimi, mtu ambaye kazini siruhusu hata fomu ya wageni ibadilishwe bila rekodi ya nani kabadilisha nini na lini, nikatabasamu nikatoa pesa.

Siku ya 19, saa mbili usiku, Outering Road karibu na Donholm, nikakanyaga kulipita lori. Nikasikia sauti kama bisi kwenye sufuria. Kisha moshi wa bluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma, nguvu zikaisha, na nikasukumwa kando na makanga wawili wa matatu ambao hawakunidai chochote. Mungu awabariki.

Silinda ya nne ilikuwa imekufa. Kingo ya pistoni inayoshikilia ringi ilikuwa imevunjika vipande.

Sasa fika karibu, ndugu msomaji, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Nilipigia simu gereji ya vigae. Hawakuchukua hata dakika moja. "Aah, huyo fundi wako wa mtaani hakufunga injini vizuri. Sisi ramani yetu haina tatizo." Nami nikaamini. Kwa nini nisiamini? Upande mmoja kuna vigae na tarakilishi, upande wa pili kuna mabati na daftari la shule. Nilikwenda Umoja nikamfokea mzee wa watu mbele ya wateja wake. Nikakataa kumlipa zile 18,000. Na haikutosha. Niliwaambia watu. Jirani yangu aliyekuwa apeleke gari lake kwake akalipeleka kwingine. Kijana mmoja wa Komarock naye hivyo hivyo.

Mzee hakubishana. Alisema tu, "Ukipoa, urudi na hiyo bodi."

Ilinichukua miezi saba kukusanya pesa za injini nyingine. Eks-Japani, EJ20 ile ile. Nilijaribu mafundi wengine wawili, kila mmoja akataka kuanza kwa kubadilisha kitu. Basi nikameza mate machungu, nikarudi kwenye mabati.

Mzee akafungua daftari la bluu. Gari langu lilikuwa na ukurasa wake: tarehe, namba ya injini, mgandamizo wa silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Volti za pampu kabla na baada. Rangi ya kila plagi. Siku niliyoondoka, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Injini ilitoka mikononi mwake nzima, na ushahidi ulikuwepo muda wote, kwa kalamu ya buluu. Nilikuwa nikitafuta rekodi upande wa vigae na mwenye nazo alikuwa mtu niliyemtukana.

Akaniambia, "Mimi upande wangu nimeandika. Hao wako waliandika wapi?"

Basi tukaamua kuiandikia ile bodi sisi wenyewe. Hapa wapenzi wa kompyuta amkeni. Subaru za miaka hiyo hazina tundu la kisasa la uchunguzi, lakini chini ya dashibodi kuna kiungio cha kuzungumza na kompyuta ya injini. Lugha yake ni nyepesi mno: biti 1,953 kwa sekunde. Unatuma baiti nne. Ya kwanza ni 78 kwa hesabu ya kumi na sita, mbili zinazofuata ni anwani ya kumbukumbu unayotaka kusoma, ya mwisho ni sufuri. Kompyuta inakurudishia anwani ile pamoja na thamani iliyomo, na inaendelea kurudia mpaka uiambie iache. Unasoma kitu kimoja kwa wakati, polepole kama ngamia, lakini unasoma. Nilitumia waya wa USB, tarakilishi ya zamani iliyovunjika bawaba, na programu fupi niliyoandika Jumapili moja. Kwenye ekzosi tukachomea sensa ya oksijeni ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli.

Tuliifunga injini mpya, tukaweka busti ya chini kabisa, na tukakubaliana: bar 0.4, basi, hatupandi juu ya hapo. Mzee akaendesha, mimi nikashika tarakilishi. Kwanza bodi ikiwa imetolewa, kompyuta inatumia ramani yake ya kiwandani. Kisha barabara ile ile, gia ile ile, bodi ikiwa imerudishwa.

Kwa mizunguko 3,500 na busti ya bar 0.4, ramani ya kiwandani ilitoa sehemu 12.0 za hewa kwa moja ya petroli, na cheche nyuzi 21 kabla ya pistoni kufika juu. Bodi ya vigae, mahali pale pale: sehemu 13.5 za hewa, cheche nyuzi 27. Petroli kidogo zaidi, na cheche mapema zaidi. Petroli huungua yote ikipata sehemu 14.7 za hewa, lakini injini ya tabo chini ya mzigo hupewa petroli ya ziada makusudi ili ipoe. Hawa walikuwa wameondoa kile kinachoipoza, kisha wakawahisha moto. Na hiyo ilikuwa bar 0.4 tu! Wao waliniwekea zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Tulisimama kando ya barabara. Mzee aliangalia zile namba, akanyamaza, akazima gari. Bodi hiyo sasa iko kwenye meza yangu. Gundi nyeusi imefunika kila kitu ili mtu asisome kilichomo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ramani hizi za kununua zikiwa tayari. Zinaandikwa kwa ajili ya gari lililo mahali pengine. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mombasa hewa ina presha ya bar 1.01, kwetu ni kama 0.83. Tuseme unataka injini ipate hewa ile ile ambayo ingeipata Mombasa kwa busti ya bar 0.8. Kule tabo inazidisha presha ya hewa mara 1.8. Hapa inabidi izidishe karibu mara 2.2. Inazunguka kasi zaidi na inachemsha hewa zaidi. Nimepiga hesabu kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya nyuzi 25: Mombasa hewa inatoka imepanda joto kwa nyuzi kama 77, Nairobi kwa nyuzi kama 106. Karibu nyuzi 30 zaidi, kabla hata hujafika kwenye interkula ambayo nayo inapulizwa na hewa nyepesi. Hewa moto ndiyo mama wa kunoki.

Ongeza petroli. Magari haya yalipangiwa ramani kwa petroli bora ya Japani, ambayo okteni yake ni karibu 100. Okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Yaani hata ramani ya kiwandani hapa kwetu inakwenda ikiwa imebana pumzi, halafu anakuja mtu anawahisha cheche bila kupima!

Na hao mnaowaiga? Tangu 1995 kanuni za ubingwa wa dunia wa mbio hizi zililazimisha tabo kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34, ili nguvu zibaki karibu farasi 300. Gari la McRae mwaka 1997 lilikuwa chini ya kanuni hiyo, likiwa na kikosi kizima cha mafundi na petroli ya mashindano. Wewe wa Kayole mwenye petroli ya kituoni na pampu ya miaka 25 unataka 350. Za kufanyia nini? Kuwahi taa nyekundu Jogoo Road?

Najua majibu mtakayonipa, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Mtasema mafundi wa zamani hawakuwa na tarakilishi na magari yalikwenda. Kweli kabisa. Lakini hawakubahatisha. Mzee alipima kwa sabuni, kwa geji, kwa rangi ya plagi, akaandika. Rekodi si lazima iwe faili. Anayebahatisha akiwa na tarakilishi bado anabahatisha, tena kwa bei ghali.

Mtasema vifaa ni ghali. Sensa ya mchanganyiko ni ghali, nakubali, ila ni nafuu kuliko pistoni moja, na mafundi watano wanaweza kuchanga wakawa nayo moja. Programu zenyewe ni huria. RomRaider inasoma na kuhariri ramani za Subaru nyingi za baadaye bila malipo. Ukitaka kompyuta nzima ya injini iliyo wazi kuanzia mchoro wa saketi hadi kodi, kuna Speeduino. Hakuna anayekuzuia kujifunza.

Mtasema ramani ni siri ya biashara, mtu anakula kwa ujuzi wake. Hapa sikatai yote. Ukiwa umetumia miaka kujifunza, una haki ya kulipwa, tena vizuri. Mimi mwenyewe nauza programu. Lakini daktari naye ana ujuzi, na matokeo ya vipimo vyangu ananipa. Sijaomba anifundishe udaktari, naomba nijue presha yangu. Anayekataa kutoa hata namba za kabla na baada halindi ujuzi wake. Anajikinga asije akaulizwa.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko pistoni. Mahali pasipo na rekodi, kosa halipotei. Linateremka. Linateremka kama maji ya mvua Eastlands, mpaka limpate aliye chini kabisa. Mwenye vigae anamsukumia fundi wa mabati, fundi wa mabati anamsukumia kijana wake wa mkono, na kijana wa mkono hana wa kumsukumia, anafukuzwa. Wangapi wamepoteza kazi kwa injini walizozifunga vizuri? Tumezoea kusema fundi wa jua kali ni mwongo mpaka hatuhitaji ushahidi tena. Mimi niliyesoma, ninayejua rekodi ni kitu gani, ndiye niliyehukumu bila kusoma.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi mtu funguo za gari lako la tabo, mdai haya:

1. Mgandamizo wa silinda zote, umepimwa na kuandikwa kabla hajagusa chochote. Silinda moja ikiwa mbovu, kazi isianze.
2. Mfumo wa hewa umejazwa presha na kupakwa sabuni. Bei yake ni soda mbili.
3. Volti kwenye pampu ya mafuta, si kwenye betri.
4. Rekodi ya mchanganyiko, cheche na busti, kabla na baada, barabara ile ile, tarehe juu yake.
5. Nakala ya ramani aliyoiweka, au angalau ya kiwandani aliyoitoa, ili uweze kurudi ulikotoka. Kazini kwetu mtu asiyeweka njia ya kurudi haruhusiwi kugusa seva.

Akikataa hata moja, chukua funguo zako. Na wewe mwenye gereji unayesoma hapa, kama kazi yako ni safi, orodha hii ni kinga yako. Siku mteja kama mimi akija anafoka, utafungua ukurasa.

Nimemlipa Mzee zile 18,000, na nyingine juu yake kwa muda aliopoteza. Hilo lilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuzunguka kwa kila mtu niliyemwambia kwamba Mzee aliniharibia injini, nikaseme nilikosea. Jirani yangu amerudi kwake. Yule kijana wa Komarock alicheka akasema ameshapata fundi mwingine. Huyo mteja sina namna ya kumrudisha, na sina rekodi ya wengine waliosikia maneno yangu yakapita mdomo hadi mdomo.

Gari linatembea. Busti iko chini kidogo ya ile ya kiwandani, cheche tumezichelewesha nyuzi chache kwa ajili ya petroli yetu na mwinuko wetu, na kila badiliko lina tarehe kwenye daftari la bluu na kwenye tarakilishi yangu pia. Vijana mtaani wananiuliza lina farasi wangapi. Nawajibu sijui, sijapima. Halafu nawauliza la kwao lina wangapi, wanataja namba kubwa kweli.

Nawaambia, nionyesheni.